Chupa ya Maji ya Rediata

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu mzito. Mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hayaonekani. Nimefungua boneti kama kila asubuhi. Oili sawa. Maji ya tangi yako kwenye mstari. Lakini chupa ya akiba nyuma ya kiti changu, ile ya soda ya lita mbili, niliijaza jana kwa mkono wangu na leo imebaki nusu. Maana yake Kibet ameongeza maji kwa rediata tena na hajasema.

Kibet ni ndugu yangu mdogo. Anapeleka maziwa na gari hii mimi nikiwa kazini. Hatuongei tangu Januari, alipobeba magunia sita ya viazi kutoka Londiani mpaka injini ikachemka. Funguo tunaachiana juu ya friji. Gari ya turbo si punda! Ikifa, Mama atafikaje hospitali ya Longisa kwa mashine ya figo, Jumanne na Ijumaa? Nimejaza chupa, nikaenda kazini na hasira.

Jumanne, 4 Machi
Kibet amempeleka Mama. Nesi amenipigia simu. Eti Mama amefika na kilo tatu na nusu za maji mwilini, kupita ruhusa. Eti tunampa maji. Nusu lita kwa siku ndiyo amri ya daktari, na mimi ndiye ninayempimia, kwa kikombe. Jagi la maji nalifungia kabatini. Mzani wao mbovu. Mimi ni karani wa kupima majani ya chai, mwaka wa kumi na moja sasa. Mzani mbovu naujua. Nimemwambia hivyo hivyo.

Chupa imeshuka tena.

Jumatano, 5 Machi
Moshi mweupe kwenye ekzosi. Huku kwetu asubuhi kila kitu kinatoa moshi mweupe, hata ng'ombe. Sitaki kufikiria kwamba injini inachoma maji.

Ijumaa, 7 Machi
Leo zamu yangu. Tumeteremka polepole, jicho langu kwenye mshale wa joto. Haukusonga. Mama nyuma, midomo imekauka. Kilo tatu tena. Nesi ameniangalia kama mwizi. Nilitaka kulia, nikanuna badala yake.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimeona injini ya Mwalimu Koech, jirani yetu. Imefunguliwa tangu Krismasi. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, iliungua, yeye akaendelea kuendesha mpaka kwake ili asilale njiani. Hedi yenyewe imepinda. Anasema ilianza hivi hivi: maji yanapungua, huoni yanakokwenda.

Nimerudi nyumbani. Mama alikuwa ndani ya gari pale uani, mlango wazi, anaota jua. Siku hizi anakaa humo kila mchana. Anasema upepo haumfikii. Vizuri, angalau gari inamfaa mtu.

Chupa: robo tu imebaki.

Jumatano, 12 Machi
Nimemwandikia Kibet karatasi, nikaibandika kwa friji. UNAONGEZA MAJI MARA NGAPI KWA WIKI? Amejibu chini yake: SIJAONGEZA HATA TONE TANGU JANUARI. Mwongo. Nimeichana.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeomba ruhusa kazini, nikapeleka gari Bomet kwa fundi Otieno. Huyo hana maneno mengi. Ametoa kijiti cha oili: oili safi, hakuna utando mweupe kama wa maziwa. Amefungua rediata injini ikiwa baridi, akawasha, tukachungulia. Hakuna mapovu. Plagi kavu. Mipira ya maji laini, haijavimba. Kifuniko cha rediata kimelegea kidogo, amekibadilisha.

Akafuta mikono. "Dada, gasketi yako ni nzima. Hii gari haijapoteza maji yoyote."

Nimebishana naye. Lita mbili kila siku mbili zinaenda wapi?

Amenifundisha nisifike alikofika Mwalimu. Turbo inasukuma hewa nyingi, injini inafanya kazi kwa nguvu na joto kali, na gasketi ndiyo inayozuia hayo yote. Kwa hivyo nisiikanyage ikiwa baridi. Nikimaliza mlima nisizime mara moja, niiache ingurume pole dakika mbili ipoe. Mshale ukipanda nisimame hapo hapo, hata kama nyumbani naona paa. Na niache kutia maji ya mto, yanaleta kutu ndani. Amemwaga yote na kuweka kulanti ya kijani, dawa ya kupoza injini. Iliyobaki nimeitia kwenye chupa yangu.

Amesema nisiiache karibu na mbwa. Ni tamu, na inaua.

Nimerudi moyo mwepesi. Nimeiweka chupa mahali pake.

Ijumaa, 14 Machi
Sijui nianzie wapi.

Tumetoka saa moja. Kabla ya kufika lami nikatazama kioo cha ndani. Mama ameinua chupa kwa mikono miwili. Anakunywa. Anakunywa kama mtoto, macho amefunga. Nilikanyaga breki mpaka gari ikateleza upande. Woi, Mama! Kijani kwenye kidevu chake. Kijani kwenye leso.

Akaniangalia kwa aibu. Si kwa hofu, kwa aibu. Akasema, "Leo mmeweka sukari."

Leo. Akasema leo.

Hapo ndipo nilipojua. Lita zote zile. Kilo zote za nesi. Kila mchana uani, mlango wazi. Gari haikunywa chochote.

Nilipiga gia. Injini baridi, sikujali, niliikanyaga mpaka turbo ikapiga mluzi. Sikuangalia mshale hata mara moja. Nilikuwa nikimuuliza, umemeza mara ngapi, mara ngapi, na yeye anasema mbili, labda tatu, usipige kelele Chelangat. Longisa nilisimamisha gari mlangoni nikatoka nikipiga mayowe, chupa mkononi. Nesi yule yule ndiye aliyetukimbilia. Yule niliyemwambia mzani wake mbovu.

Daktari amesema sumu hii huua figo. Mama hana figo za kuuawa. Imebaki moyo na ubongo. Akasema tena kwamba dawa yake kubwa ni kusafisha damu kwa mashine, na mashine ilikuwa tayari inamngoja. Wamemuunganisha hapo hapo, na saa zitakuwa nyingi kuliko kawaida. Nimekaa sakafuni.

Mimi ndiye niliyeitia kwenye chupa ya soda. Niliambiwa ni tamu. Niliandika hapa juu, kwa mkono huu, kwamba ni tamu.

Jumamosi, 15 Machi
Yu hai. Anajua jina langu na siku ya leo. Bado wanamtazama.

Kibet amekuja na boda. Nilimweleza yote nikitazama ukuta. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alitoa kitambaa akanipa, kina harufu ya maziwa.

Nimemuuliza Mama kwa nini hakusema. Akasema, pole pole: "Kila asubuhi unatoka na baridi kuangalia kama gari ina maji. Mimi unaangalia kama nimeyaiba."

Nimeenda chooni nikalia kwa sauti. Sikujali nani anasikia.

Jumatatu, 17 Machi
Wamesema atatoka kesho, akishapitia mashine. Nimemwomba nesi msamaha. Amenionyesha jinsi wagonjwa wengine wanavyofanya: sehemu ya ile nusu lita igandishwe, vipande vidogo, anyonye kimoja kimoja. Kumbe kuna njia. Miezi saba nimepima maji ya mama yangu na sikuwahi kuuliza kama kuna njia.

Chupa nimeitoboa, nikaizika nyuma ya choo. Kulanti mpya iko kwa mkebe wake wenye kufuli, stoo, juu kabisa.

Ijumaa, 21 Machi
Kilo moja na nusu. Nesi ameiandika.

Kurudi tumepanda polepole. Mvua imenyesha, wachumaji wamejifunika plastiki za manjano. Uani sikuzima injini. Dakika mbili, kama fundi alivyosema. Mama hakushuka. Tulikaa tu, ikinguruma chini yetu.

Kibet ametoka jikoni na kikombe. Vipande vinne vya barafu. Hakuuliza gari imeendaje. Ameinama dirishani kwa Mama akamuuliza kama ana kiu.

"Nyingi," Mama akasema.

Amechukua kimoja, akakiweka ulimini, akafunga macho. Dakika mbili zikaisha. Nimezima. Hakuna aliyeshuka mpaka alipokimaliza.