Sauti Tisa za Elia

Migato, 2 Juni 2024

Joyness mwanangu,

Mwangaluka. Natumaini nyote ni wazima huko Lamadi, wewe, mkwe wangu na mjukuu. Sisi tupo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia pamba. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia.

Kinanda cha kwaya kilianza kuganda katikati ya Misa. Mwezi wa tatu nilikipeleka kwa fundi Bariadi, akakirudisha kilivyotoka kiwandani. Sauti zote ulizokitengenezea zikafutika: zeze, filimbi, ile ngoma nzito ya kuingilia. Tangu hapo Elia, anayekipiga sasa, ametengeneza zake tisa. Anajitahidi, lakini waimbaji wanahangaika, na mimi mwalimu wao situlii. Jubilei ya kigango ni tarehe thelathini mwezi huu.

Najua uliondoka na flashi yenye sauti zako. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaifuata stendi Bariadi.

Baba yako

Lamadi, 7 Juni 2024

Shikamoo baba,

Tunaendelea vizuri, mtoto ameanza kuongea. Mgongo ukandwe kwa maji ya moto.

Barua yako nimetembea nayo siku tatu. Nikianika dagaa naisoma, nikiwageuza naisoma tena. Unaomba sauti zangu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilijifungua, ukanipa miezi mitatu ya kupumzika. Nikarudi na mtoto mgongoni, nikamkuta Elia kwenye kiti changu, na wewe hukuinua macho kutoka kwenye daftari la nyimbo. Sijasahau, baba.

Lakini flashi ndiyo hii. Ichomeke nyuma ya kinanda. Fungua menyu, chagua kurejesha, kisha faili liitwalo JOY3. Kitauliza kama una uhakika. Jibu ndiyo, na usikizime mpaka kimalize. Ni dakika mbili.

Mwanao,
Joyness

Migato, 17 Juni 2024

Joyness,

Salamu nyingi. Mgongo una nafuu.

Sauti zimerudi zote. Tulipopiga ile ngoma ya kuingilia, Mariana wa sauti ya kwanza aliacha kuimba akaanza kucheza. Nilifurahi.

Kisha Elia akatafuta sauti zake. Haikuwepo hata moja. Akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akakifunika kinanda kwa kitambaa, akaaga vizuri na kwenda kwake. Alhamisi hakuja mazoezini. Jana kwenye Misa hakuja. Hakuna mwingine anayejua kupiga, na zimebaki siku kumi na tatu. Nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nakuuliza, unijibu ukweli. Ulijua kwamba kurejesha zako kunafuta zake?

Baba yako

Lamadi, 20 Juni 2024

Shikamoo baba,

Nilijua.

Faili lile limebeba kumbukumbu nzima ya kinanda. Likiingia, vilivyomo vinatoka. Ilitakiwa kwanza sauti zake zihifadhiwe kwenye flashi nyingine. Hatua hiyo niliiandika, tena ya kwanza kabisa, kisha nikaichana ile barua nikaandika nyingine. Nilitaka Elia akae kwenye kiti kile akute hakina chake, aone nilivyoona mimi.

Tangu flashi ilipoondoka sijatulia. Mume wangu ananiuliza kwa nini kila siku naunguza mboga. Elia hakuninyang'anya kitu, alipewa tu. Mwambie ni mimi. Au niruhusu nije nimwambie mwenyewe.

Mwanao,
Joyness

Migato, 26 Juni 2024

Joyness mwanangu,

Mwangaluka. Nyumbani ni wazima, mama yako anakusalimu.

Sikumwambia kwamba ni wewe, kwa sababu si wewe peke yako. Kinanda kilipouliza, maneno yalikuwa ya Kiingereza, nikamwita Elia anisomee. Akasoma, "Vyote vilivyomo vitafutwa." Akanitazama. "Mwalimu, na zangu?"

Nikamwambia, "Bonyeza."

Akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Baadaye alizitafuta hivyo hivyo, labda akitumaini kinanda kimekosea. Nami nikakuandikia kukuuliza kama ulijua, ili nipate wa kumtupia mzigo.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilimkuta shambani na mkewe, wanachuma pamba. Nikamwambia nimemkosea, na wewe pia nilikukosea. Akanipa kiroba, tukachuma mpaka saa kumi. Ndipo akatoa sharti lake: ataanza upya, na mimi nisiingie kanisani mpaka aniite. Nimekubali. Zako hajazigusa, kinandani nafasi bado zipo. Kila akimaliza kazi anahifadhi zote kwenye flashi yake, na anaitia mfukoni mwake, siyo kabatini kwangu.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya kanisa. Tangu asubuhi anatafuta sauti moja. Anaikaribia, inamponyoka, anaanza tena. Zimebaki siku nne, na sijui kama atawahi.

Ameniuliza kama utakuja. Amesema ukija atakupisha kiti. Nimemwambia hilo mtaongea ninyi wawili. Kiti kile nilishakitoa mara moja bila kukuuliza, sitakitoa mara ya pili bila kumuuliza yeye.

Wewe njoo, na mtoto. Benchi lina nafasi.

Baba yako