Uvundo wa Mashine Uliyotuma Tassia

Makadara, Nairobi
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa binti yangu Muhonja,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini karatasi hii itakukuta huko Muscat ukiwa mzima, mgongo wako umetulia, na yule bibi unayemtunza hakuchoshi kupita kiasi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo hugoma kila asubuhi. Mama yako mkubwa anaendelea na dawa za presha, naye kila siku anakutaja katika maombi kabla ya chai.

Mvua za mwaka huu zimekaa sana. Hata hapa kwetu nguo hulala kwenye kamba siku mbili bila kukauka.

Nimeandika kwa mkono, na mjukuu wangu Willis ataipiga picha barua hii akutumie. Sikutaka kupiga simu, kwa kuwa haya si maneno ya kukatizwa. Najua pia kwamba kila unapopiga simu mtaani Tassia, mdogo wako Jacklyne hukuambia kuwa Akech hajambo. Binti yako si mzima, Muhonja. Wewe uliyemzaa una haki ya kujua.

Jacklyne hakuonekana kanisani Jumapili tatu mfululizo, basi Jumamosi iliyopita nikaenda kumtazama. Nilipofika ghorofa ya tatu, kabla sijabisha hodi, nilipokewa na uvundo kama wa kitambaa kilicholowekwa kikasahauliwa. Akech alikuja mbio kunikumbatia, na harufu ile ile ilikuwa kwenye sweta yake. Kisha akakohoa. Kikohozi kilimbana hadi akaketi sakafuni, na mtoto wa miaka minne haketi hivyo katikati ya mchezo bila sababu.

Jacklyne alisema ni bomba la maji machafu. Sikuridhika. Niliifuata harufu hadi pembeni mwa jikoni, kwenye mashine ya kufulia uliyotuma, nikafunua kifuniko. Ilikuwa imejaa maji hadi karibu na ukingo, bila hata nguo moja ndani.

Unajua kwamba maji ya mfereji hufika Tassia siku mbili tu kwa wiki. Mitungi yake haimtoshi, kwa hiyo siku ya maji alikuwa akifua kwanza, kisha akiijaza mashine, akiifunika, na kuchota humo maji ya choo siku zote zilizobaki. Nilimuuliza kwa nini ameigeuza kuwa tangi. Alinijibu, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Baba, maji ikipotea, mimi nitafanya aje?" Majirani wawili wa ghorofa hiyo hufanya vivyo hivyo, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Niliagiza fundi, Bwana Nzivo, mwenye kibanda karibu na mtaa wa Pipeline. Ni mcheshi kuliko ninavyopenda. Alimwaga yale maji, akafungua sahani ya chini inayozungusha nguo, akamgeukia Jacklyne: "Dada, humu ungefuga kambare." Chini ya sahani palikuwa na utelezi mweusi wa unene wa kidole changu, uliochanganyika na nywele na sabuni. Sabuni yenyewe ilikuwa ile ya kufulia kwa mkono, tena ikitiwa maradufu ili kuishinda harufu. Mashine haikuweza kuisuuza, na kuvu ikapata chakula.

Hapo ndipo Jacklyne alipolia na kunieleza lililobaki. Wiki tatu zilizopita jirani yake, Shiro, alimwambia atie siki. Yeye akatia siki pamoja na dawa ya klorini ya kutoa madoa, mara moja, dirisha likiwa limefungwa. Ukapanda moshi uliomkaba koo. Alimbeba Akech hadi ngazini, wote wawili wakikohoa. Tangu siku hiyo kikohozi cha mtoto kimekuwa kikali, lakini Jacklyne hakukwambia, kwa hofu kwamba utasema ameiharibu zawadi yako na kumuumiza mwanao.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Nzivo aliisugua sahani na ukingo wa juu kwa brashi, akaosha kichujio cha nyuzi na kisanduku cha sabuni, akachemsha maji, akaizungusha mashine tupu kwa dawa ya klorini peke yake, madirisha yakiwa wazi, kisha akaisuuza mara mbili. Alimwagiza Jacklyne asihifadhi tena maji humo, apunguze sabuni, atoe nguo zikimaliza tu kufuliwa, na aache kifuniko wazi hadi ndani pakauke. Nilipoinamisha uso ndani ya mashine sikunusa kitu.

Lakini chumba kilikuwa bado kinanuka.

Nzivo aliivuta mashine kutoka ukutani. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi hadi usawa wa kiuno changu, na umelowa. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasema kuna bomba linalovuja ndani yake, kisha akauliza bila utani, "Mzee, mtoto analala wapi?"

Jacklyne aliuonyesha ukuta ule ule. Kitanda cha Akech kiko upande wake wa pili. Tulipoinua godoro, upande wa chini ulikuwa na madoa meusi kama masizi.

Jumatatu nilimpeleka mtoto hospitali. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akampa dawa ya kuvuta, na kusema asilale tena katika chumba kile hadi bomba linalovuja litengenezwe na ukuta ukauke. Alisema kifua kikimbana tena namna hiyo, huenda tusipate muda wa kutafuta gari.

Sasa yuko kwangu. Usiku anakohoa kidogo tu. Hata hivyo, Jacklyne anakuja Jumapili kumchukua. Ameniambia, "Baba, mtoto niliachiwa mimi. Nikimwacha kwako, dada atajua nimeshindwa." Sina neno la kumzuia, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemkabidhi. Usimkemee, maana amempenda mtoto na hofu ndiyo iliyompotosha. Mwambie tu, kwa kinywa chako, kwamba Akech abaki Makadara.

Fanya hivyo mapema. Amenipigia leo asubuhi akiwa na furaha. Mwangalizi wa jengo ameupaka ukuta rangi bila kuligusa bomba, umekuwa mweupe kabisa, naye Jacklyne amekwisha kukirudisha kitanda mahali pake.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana, pamoja na Willis na shangazi yako Nabiswa. Akech anasema umletee viatu vyekundu. Mungu akulinde ugenini, na akujalie kulisema neno hilo kabla ya Jumapili.

Ni mimi, nikupendaye kama mwanangu wa kuzaa,

Baba yako mkubwa,
Mulama