Nafasi Nane Zipo Wazi

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wapwa zangu, na kwamba lile goti lako limepata nafuu tangu uanze kulikanda. Mimi huku mwili hauna neno, nakula na kutembea. Mengine utayajua mbele, kwa hiyo kama una sufuria jikoni, epua kwanza, kisha ukae.

Barua yako niliipata juma lililopita, na nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umesema huu mwaka wa tatu hujajisamehe kwa kusubiri gari la wagonjwa hadi kulipopambazuka, badala ya kuhangaika na shemeji jioni ile ile. Ukaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo, kama angewahi angepona. Nimeanza kukujibu mara nne na mara nne nimechana karatasi. Unanijua tangu utoto, tukisikia mbwa mimi nilikuwa nakusukuma wewe mbele.

Kazi yangu hapa hospitalini unaijua. Wakati wa ule ugonjwa, kila asubuhi nilituma makao makuu idadi ya nafasi zetu za oksijeni, na kwa namba hizo hospitali ndogo zilijua pa kupeleka wagonjwa. Tulikuwa tumepokea mashine kumi na moja za oksijeni, za msaada, mpya, bado zimevaa nailoni. Ila nyaya za wodi yetu ni za zamani. Ukiwasha mashine ya nne, swichi kubwa inaanguka na wodi nzima inazima. Fundi umeme aliomba transfoma na nyaya mpya mpaka akachoka kuomba. Kwa hiyo tatu zilifanya kazi, na nane zikakaa stoo.

Siku ya kwanza niliandika tatu. Mkubwa mmoja akapiga simu akifoka, akasema mashine zimepokelewa kwa sherehe na picha zimepigwa, sasa hizo nyingine nimezipeleka wapi, nimeziuza? Nilimwomba radhi, dada. Lakini hakuniambia nidanganye, hilo lazima niliseme. Ni mimi mwenyewe niliyejiambia kwamba mashine si zipo, nani ataniita mwongo. Kesho yake nikaandika kwamba tatu zina watu, nafasi nane zipo wazi. Nikaendelea hivyo hivyo kila asubuhi, na wagonjwa walipofurika, wauguzi walidhani ugonjwa umezidi tu. Mwisho wa yote nikapewa cheti cha takwimu bora, kile ulichokitundika sebuleni ukamwonyesha kila jirani.

Sasa nisizunguke tena. Asubuhi ile dereva wa gari la wagonjwa alitaka kumpeleka shemeji hospitali ya misheni, dakika ishirini tu kutoka kwenu. Walikuwa na kitanda kimoja chenye oksijeni, cha kweli. Mganga wa zahanati yenu akatazama orodha, akaona kwetu zipo nane. Nani angeziacha nane akafuata kimoja? Wakapita mbele ya geti la misheni, wakaja kwetu, mwendo wa saa tatu.

Nilikwambia alifika ameshakata kauli. Nilikudanganya. Alifika saa nne asubuhi, anatembea kwa kushikiliwa, na mtungi mdogo wa kwenye gari ulikuwa umekwisha pale getini. Aliponiona akacheka. Akasema sasa amefika nyumbani, Bwana Takwimu ampe basi kitanda kimoja katika vile vyake vinane. Nilimkalisha kwenye benchi la korido, mkabala na mlango wa stoo. Mara mbili aliniuliza kama zamu yake imekaribia, na mara mbili nikamwambia bado kidogo. Alikata roho saa tisa alasiri akiwa amenishika mkono.

Tulipotoka kumzika nilirudi kazini, nikaandika nane tena. Niliogopa kwamba nikiandika tatu, wataniuliza ya jana ilikuwaje.

Basi jibu lako ni hilo. Hukumchelewesha. Wewe ulimtoa kwako akiwa hai, tena angewahi vizuri tu. Nimekuacha ujilaumu miaka yote hii, na nilikuwa nakuja kwako nakula chakula chako, nikikutazama ukilia. Naona aibu hata kukuomba radhi. Mkuu wa hospitali nimempelekea leo namba za kweli za siku zote, na watakavyoamua nitapokea.

Wasalimie wapwa zangu. Ukiona wanafaa kujua, waambie mjomba wao alifanya nini, usinifichie. Msalimie na mama mkwe wako, kama atapokea salamu zangu.

Na kile cheti, dada, kiteremshe. Msumari uache pale pale, utundike picha ya shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Karani wa takwimu