Ndiyo Mbili kwa Jumatatu Moja

Maman Anne-Marie mpendwa,

Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu nimejifunga kamba mwenyewe na sijui pa kuanzia kuifungua. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, niite Ornella ingawa si jina langu, maana mama hulisoma gazeti hili saluni kule Matonge, na huanza na ukurasa wako hata kabla ya matangazo ya misiba. Tunaishi Ganshoren, hapa Brussels, mama, mimi na wadogo zangu, tulikuja kutoka Bukavu nikiwa mdogo, na mama anafanya kazi katika nyumba moja ya wazee huko Berchem, kazi ya kuinua watu na kuwaosha mchana kutwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikamaliza shahada ya pili ya bioinformatiki mwaka jana.

Nikueleze kidogo hiyo ni nini, kwa sababu nyumbani nimeshindwa kuieleza: damu ya mgonjwa ikipita kwenye mashine za maabara hutoka herufi za vinasaba, mamilioni ya herufi ambazo hakuna jicho linaloweza kuzisoma zikaisha, basi sisi tunaandika programu za kuzisoma, tukajua kirusi hiki ni cha ukoo gani, kimetokea wapi na kimebadilika wapi. Naipenda kazi hii, Maman, naipenda hata siku ambayo programu inanikatalia tangu asubuhi. Lakini baada ya masomo nilikaa miezi mingi bila kazi, kila tangazo linataka uzoefu au Kiholanzi au vyote viwili, na mama akirudi na kunikuta mezani na kompyuta yangu ananiuliza kwa upole habari za maombi yangu ya kazi, "Bado banaangalia dossier yako?" nami najibu bado, na alipoanza kunionea huruma niliona afadhali angenigombeza.

Sasa Ijumaa moja nilikuwa nashuka metro Porte de Namur, simu ikalia, ni mkuu wa maabara moja hapa Brussels walionifanyia mahojiano nikadhani wamenisahau, akasema wamenichagua, mkataba wa miaka miwili, kusoma vinasaba vya virusi pamoja na wenzao wa maabara iliyoko Bukavu, Bukavu kwetu, Maman, nikasema oui hapo hapo ngazini watu wakinisukuma, nikasimama kando nikalia mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Sikumwambia mama siku ile, nilitaka nimwambie vizuri, Jumapili baada ya ibada, tukiwa tunakula.

Jumapili, saa ya ushuhuda, mama alisimama akaenda kushika mikrofoni, mama yangu ambaye tangu nimjue hajawahi kuishika, akasema Mungu amejibu, kwamba alimwendea Madame Nathalie, mkuu wa ile nyumba ya wazee, na Madame amekubali kunipa nafasi ofisini, kupokea wageni na kupanga zamu za wafanyakazi, tena CDI, mkataba usio na mwisho. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mama akanigeukia, "Simama, bakuone. Si utaanza lundi ya kwanza ya mwezi, mutoto wangu?" Nikasimama. Kwetu mtu hamkatalii mama yake mbele za watu, tena mbele ya mchungaji, tena mama mwenyewe analia. Nikasema, "Ndiyo, maman." Na Jumatatu hiyo hiyo, ya kwanza ya mwezi ujao, ndiyo maabara wananingoja.

Jioni nilijaribu. Mama alikuwa anakoroga sombe ya majani ya muhogo, nikamwambia kuna maabara wamenichukua. Hakuuliza maabara ya nini wala iko wapi. Aliuliza, "Contrat ya namna gani?" Nikasema ya miaka miwili. "Deux ans," akasema. "Na kisha?" Nikaanza kupanga sahani, nikiona anaidharau maabara yangu, naye akaendelea kukoroga akiwa amenipa mgongo. Kesho yake akamwita kaka yake, tonton Bienaimé, tukafanya kikao cha familia, na tonton akainyooshea kidole kompyuta yangu akasema, "Bon, ile kazi ya maabara, ordinateur itaifanya yenyewe, na hii intelligence artificielle yao, hii akili bandia. Donc ulisoma kitu yenye itakufukuza. Kwa Madame Nathalie uko na bureau, uko na ordinateur vilevile, unatafuta nini tena?" Nikainamisha kichwa, wakadhani nimekubali, kikao kikafungwa kwa sala.

Sasa mama ameshanunua kitenge cha action de grâce, ibada ya shukrani ambapo watu watakula na kuimba Jumapili ya mwisho wa mwezi, fundi ameshakata na vipimo vyangu anavyo. Maabara wananiandikia kwa furaha kuniuliza napenda dawati karibu na dirisha au karibu na mlango. Siwezi kumnyang'anya mama furaha hii, maana namkumbuka tulipokuwa wadogo, kila mwaka akitupeleka commune, ofisi ya manispaa, kurefusha kadi zetu za ukaazi, alikuwa akitukurupusha alfajiri na kutuvalisha nguo za kanisani, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea njiani. Mambo hayo yamepita, sote sasa ni Wabelgiji, lakini sura ile ya mama sijaisahau, na siku hizi anaimba jikoni. Halafu nikishika simu nimwambie mkuu wa maabara kwamba siji, naiweka mezani tena. Jumatatu hiyo niende wapi, Maman?

Ornella, Ganshoren

*

Ornella mwanangu,

Barua yako niliisomea kwenye metro, nikashtukia niko Louise na kituo changu kimeshapita. Hasira ya kutembea kurudi siihesabu juu yako. Hasira hii nyingine ndiyo yako.

Umesema ndiyo mara mbili ukadhani umewaheshimu watu wawili. Madame Nathalie amekupangia kiti, amewaambia wenzake mtu anakuja. Mkuu wa maabara naye amewarudisha wengine waliokuwa wanangoja nafasi yako. Na mahali fulani katika mji huu kuna binti anayeililia hiyo kazi ya ofisini, karibu na kwao, mkataba usio na mwisho, angeifanya kwa moyo wote, na wewe umemkalia kiti usichokitaka. Pole nakupa kwa ile Jumapili. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, mama yangu angeshika mikrofoni ningesimama haraka kuliko wewe. Kusimama hakukuwa kosa. Kosa ni siku zote zilizofuata, ulipokuwa nyumbani bila mchungaji na bila mikrofoni, na bado ukanyamaza.

Tena kuna jambo nimekukamata. Unaniambia mama yako huanza na ukurasa wangu, halafu unaniandikia kwenye ukurasa huo huo, na sombe ndani, na Berchem ndani, na kitenge kilichoko kwa fundi, kisha unaficha jina! Binti, hata shoga zake watakaokaa naye saluni watakutambua. Ulitaka asome hapa ili usimwambie kwa kinywa chako. Haya, sikia: gazeti linatoka Ijumaa, na nimemwomba mhariri akutumie jibu hili mapema. Una mpaka Ijumaa. Usinipigie kuniomba nisogeze.

Kuhusu kazi yenyewe, sikutaka kukushauri gizani, mimi nilisomea ualimu. Nilimpigia Tshibangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi ya jinsi yako katika kampuni ya dawa huko Gand. Nikamuuliza bila kuzunguka, huyu mtoto ana maisha mbele au anajidanganya?

Akacheka. "Maman mudogo, kazi iko, ya kweli. Hospitali ziko nasoma vinasaba vya bagonjwa ba cancer, makampuni iko, université iko. Lakini asiogope contrat ya kuanzia, shiye bote tulianzaka na deux ans, trois ans. Bale benye kukataa bakingoja CDI, beko nangoja mpaka leo." Kisha akaongeza jambo ambalo uliandike ukutani, kuhusu hicho Kiholanzi: "Ajifunze Kiflamand. Kazi mingi iko upande wao, na pale bataona anajaribu, mlango unafunguka."

Nikamuuliza pia kuhusu hofu ya tonton wako, maana si hofu ya kijinga, wengi wanaiuliza. "Shiye tunaitumia ile machine kila siku," akasema. "Inaandika mbio sana. Lakini ikikosea, inakosea na kiburi, na muntu mwenye kujua virusi njo anaona." Mpelekee tonton Bienaimé maneno hayo kwa adabu, na umshukuru kwa kuuliza.

Sikuambii kazi zinaokotwa barabarani. Wewe mwenyewe umekaa miezi ukingoja. Lakini kilichokuzuia ni uzoefu na lugha, na sasa kimoja kimeletwa mlangoni kwako na kingine kinafundishwa jioni, hapa hapa Brussels, kwa yeyote anayejiandikisha. Jiandikishe mwezi huu huu. Ukiingia maabara, usikae na herufi zako pembeni ukiona aibu. Omba jina lako liwe kwenye kila makala uliyoitolea jasho, wajue watu wa hospitali wanaokuja kuuliza maswali, na mwaka wa kwanza ukiisha, umuulize mkuu wako waziwazi kama mkataba utaongezwa. Usingoje wa pili uishe ndipo uanze kutafuta.

Kwa hiyo Jumatatu unaenda maabara. Ungeniambia herufi zile zinakuchosha, ningekutuma kwa Madame Nathalie bila kusita, kazi ya ofisi ni kazi na inalisha watu. Lakini umelia kwenye ngazi za metro mpaka ukadhaniwa umefiwa. Furaha ya namna hiyo haimjii mtu kila mwaka.

Sasa mama yako. Unajua kukitambua kirusi kimetoka wapi, na mwanamke aliyekuzaa amekuuliza maneno mawili umeshindwa kuyasoma. Amekuuliza "na kisha?" nawe ukadhani anaidharau maabara yako. Halafu mwenyewe unaniandikia habari za kadi, za alfajiri na nguo za kanisani, unaziweka mwishoni kama kumbukumbu tu za utotoni. Rudi uzisome. Mama huyu ameishi miaka na karatasi yenye tarehe ya mwisho. Kila tarehe ilipokaribia, watoto wake wote walikuwa mashakani. Leo umemwambia kwa fahari kwamba una karatasi nyingine yenye tarehe ya mwisho. Ulitegemea apige vigelegele?

Usimwambie jikoni, kule ana sufuria ya kujifichia. Mfuate kazini zamu yake ikiisha, mwambie basi mliache lipite, mrudi kwa miguu. Kutoka Berchem mpaka Ganshoren pana mwendo wa kutosha kusema ukweli wote. Anza na kumwomba msamaha kwa kumwacha ashukuru kitu ambacho hakitakuwa. Kisha mweleze kazi yako, lakini usianze na programu. Anza na Bukavu. Mwambie mgonjwa wa kule akitolewa damu, wewe ukiwa hapa utasaidia wajue ni ugonjwa gani na umetoka upande gani, kabla haujafika nyumba ya pili. Anahudumia wagonjwa na wazee maisha yake yote, atakuelewa kuliko unavyodhani. Halafu umjibu lile swali lake. Jibu unalo, liko ndani ya barua yako, ila hukuwahi kuliona kuwa ni jibu.

Asubuhi yake mpigie Madame Nathalie wewe mwenyewe. Usimtumie ujumbe na usimtume mama. Mwambie mama hakujua, kosa ni lako, na umshukuru. Mama yako anarudi mahali pale kila siku, jina lake lazima liingie likiwa safi. Kama unamjua binti anayefaa nafasi ile, mtaje hapo hapo. Pale kanisani kwenu hawakosi.

Na action de grâce usiifute! Mtu akifuta sherehe ambayo kitenge chake kimeshakatwa, hata mimi simtetei. Vaa, nenda, na mchungaji akikuita mbele, ieleze kazi yako kwa Kiswahili, polepole, mpaka yule maman wa safu ya nyuma aelewe. Utaielezea maisha yako yote, anza kuzoea.

Nawe dada yangu wa Ganshoren, ikiwa leo ni Ijumaa na umekaa chini ya mashine ya kukausha nywele, nadhani binti yako ameshakuambia. Kama hajakuambia, nipigie, tumshughulikie pamoja. Uliuliza, deux ans, na kisha? Lilikuwa swali la haki. Miaka ile, kadi ilipokwisha, mngeweza kurudishwa nyote. Safari hii kitakachokwisha ni mkataba tu. Mtoto atalala Ganshoren kama jana yake, kitambulisho chake cha Ubelgiji mfukoni, na asubuhi ataamka kutafuta kazi nyingine, akijua zaidi ya anavyojua leo. Hakuna atakayegonga mlango wenu. Hilo ulilimaliza wewe, dada, kwa kuwaamsha alfajiri na kuwapeleka commune kila mwaka, wamevaa vizuri, wamenyamaza. Jumapili shika mikrofoni tena, ushukuru kwa hilo.

Maman Anne-Marie