Mikono ya Mama Shantel

Jumatatu, 3 Machi

Kichwa kinaniwanga tena. Nimepeleka watoto shule, nimeegesha basi, nikaenda kwa fizio wa viungo, kule Mamboleo. Tangu boneti iniangukie kichwani nikiangalia maji ya injini, hiki kichwa si changu. Picha ya hospitali ilionyesha fuvu liko sawa. Maumivu hayajali picha. Fizio ananilaza, anabonyeza pale shingo inapoungana na fuvu, anashikilia, polepole. Hapo napata kupumua. Leo alimwita mke wangu, Mama Shantel, akamwonyesha pa kuweka vidole, awe ananikanda nyumbani kila jioni. Mimi akaniambia niseme kila ninachohisi, nisifiche, ndiyo mikono ijue pa kwenda.

Jumanne, 4 Machi

Wololo! Mama Shantel ana mikono kumshinda fizio. "Hapa?" Juu kidogo. "Hapa?" Hapo hapo. Nikalala kama mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema. Ukilala kifudifudi, uso kwenye mto, unaongea yote. Nilimwambia asubuhi nikitoka Awasi, basi limejaa watoto, pale kwenye kona niliona barabara mbili. Kitambo kidogo tu. Nikashika ya kushoto, ikawa ndiyo yenyewe.

Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea. Nikashukuru Mungu kwa mke asiye na maneno mengi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyang'anywa funguo za basi! Dairekta wa shule, mbele ya wapishi. Eti, "Mzee, tumesikia habari ya macho yako. Pumzika kwanza." Wamesikia kwa nani? Nilimwambia mtu mmoja duniani, shingo yangu ikiwa mikononi mwake. Miaka yote sijakwaruza hata kioo cha pembeni.

Nimesalitiwa. Na mke wangu wa ndoa. Nimefoka mpaka majirani wakazima redio wasikilize vizuri. Hakukana. Alisema tu, "Baba Shantel, mtoto wetu hupanda hilo basi."

Afadhali angekana.

Jumamosi, 8 Machi

Sijala chakula chake. Omena imekaukia kwenye sufuria. Sijamruhusu aniguse. Nimejikanda mwenyewe, vidole vinateleza. Nimejaribu mpira wa Shantel, nikaubana kati ya shingo na ukuta. Upuzi mtupu. Kichwa kinapasuka.

Namchukia.

Nikifunga macho namwona Shantel kwenye kiti cha mbele, pale anapopenda kukaa. Hilo simwambii mtu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Ngoma zingenimaliza.

Jioni amekuja na mafuta, akasimama mlangoni. Sikumwita. Sikumfukuza. Nikalala kifudifudi.

"Hapa?"

Vidole vikatafuta vyenyewe, vikapata. Maumivu yakashuka taratibu.

Kesho Shantel ataenda shule na dereva mwingine. Nilitaka kumuuliza mama yake kama huyo mtu anaijua ile kona ya Awasi. Nikanyamaza, uso kwenye mto.