Mpaka Usiokuwa na Askari

Dada Mwende,

Nakusalimu kutoka Jeddah. Usishangae picha ya milima: kadi niliinunua Ulaya, madam aliponipeleka likizoni kuwalea watoto wake.

Siku moja tulitoka Ujerumani kwenda Austria kwa gari. Unajua huku barabara ya Riyadh gari likipunguza mwendo, mimi huwa nimeshachomoa ikama, kile kitambulisho chetu, nikaishika juu askari aione. Basi bosi, mume wa madam, alipopunguza mwendo nikaichomoa, nikanyoosha mkono dirishani. Nje walikuwepo ng'ombe tu, wanakula majani!

Madam akacheka. "Mumbua, shusha mkono. Halas, basi, tumeshavuka. Hapa mafi askari, hakuna hata mmoja."

Mimi sikucheka, dada. Nilimkumbuka baba. Siku ya mazishi nauli nilikuwa nayo na begi nimefunga, ila pasipoti ilikuwa kwa kafili, yule mwajiri anayenidhamini huku, na kafili yuko safarini. Mkanisubiri hadi padre akachoka, ndipo mkamrushia baba udongo bila mimi.

Tulipoingia kituo cha mafuta, nilirudi kwa miguu mpaka kwenye kibao cha mpakani. Nikavuka, nikarudi, nikavuka tena. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikainama nikachota udongo, nikaurusha polepole huku nikimtaja baba kwa jina lake.

Sasa pasipoti imerudi mkobani mwa madam. Wakumbatie watoto wangu, uwaambie mama yao ni mzima. Na mvua ikititisha kaburi la baba, msilijaze. Hapo pamebaki pa udongo wangu mimi.

Mdogo wako,
Mumbua