Sura ya Bibi Haikutoka

Baba,

Nakuandikia nimesimama hapa kaunta. Kiti chako kipo, nimekifuta vumbi, ila kukikalia siwezi. Tangu tukuzike situlii. Nikifungua studio asubuhi natoka nje, naangalia malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, narudi ndani, naishika kamera, naiweka.

Lile la msibani bado linaniuma, acha niseme. Harusi za Mbozi nzima umezipiga picha wewe, halafu juu ya jeneza lako tukaweka picha ya kitambulisho, tumeikuza mpaka imetoka chengachenga. Umetoa macho kama mtu aliyekamatwa! Tulipekua memori kadi zote. Watu wote wamo, wewe humo.

Bibi, mama yako, hakulisahau. Tulipomaliza matanga aliniita kwake kule Hasamba, akaniambia, “Mimi msinizike na sura ya kitambulisho. Baba yako aliniahidi picha ya gauni langu la kanisani. Sasa utapiga wewe.” Na mimi kamera yako nilijua kuiwasha na kuizima tu. Ulikuwa unanifundisha, mimi nachezea simu. Nisamehe, Baba.

Nikaenda Jumapili, jua la saa saba. Nikamsimamisha Bibi mbele ya ule ukuta uliopakwa chokaa, gauni jeupe, kilemba cheupe, nikaweka oto, kamera ijipimie mwanga yenyewe, nikabonyeza. Gauni likatoka vizuri ajabu, kila pindo linaonekana. Uso ukawa mweusi tii kama chungu cha kuni. Bibi akaitazama picha, akasema, “Gauni langu naliona. Mimi niko wapi?” Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Njia nzima ya kurudi Tunduma nilikuwa nakusikia: “Pima mwanga usoni, usipime kwenye nguo.” Ulilisema mara ngapi? Weupe ukijaa, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtu ndio unaolipia. Nimelielewa wakati wewe hupo, na hilo linanikera kuliko yote. Wiki nzima nikawa namjaribia fundi cherehani wa jirani. Namtanda shuka jeupe, nampiga, nazungusha kile kitufe cha kujumlisha na kutoa mwanga, nampiga tena, mpaka akasema nimuache ashone nguo za watu.

Jumapili iliyofuata nikamkuta Bibi anakohoa. Nikaogopa, Baba. Nikasema moyoni, huyu naye ataondoka bila picha. Kwa haraka yangu nikampigia palepale sebuleni, gizani, picha ikatoka imecheza, sura haisomeki. Nikafuta. Nikampiga tena, ikacheza tena. Mwishowe Bibi mwenyewe alichoka na lile giza, akajikokota mpaka mlangoni akapumzike, kivulini, uso umeelekea uwanjani. Hapo hapo! Nikasogea karibu, nikapima usoni, nikaongeza mwanga kidogo, nikabana pumzi.

Akatoka. Mikunjo yote, na lile kovu la kidevuni.

Aliitazama weee. Akaniuliza, na wewe nani atakupiga? Akanisimamisha palepale mlangoni, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza, amenikata miguu na bega moja. Akaisogeza kamera machoni, akasema taratibu kwa Kinyiha, “Mwanangu huyu hapa.”

Nikaangalia na mimi. Paji ni lako. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, lako. Bibi ameniambia nisafishe mbili, yake na hiyo, ataziweka pamoja na gauni.

Basi lala, Baba. Nakuahidi, hakuna mtu wa nyumba hii atakayezikwa tena na sura ya kitambulisho. Kiti chako nitakikalia kesho. Nikishindwa, keshokutwa.

Ni mimi, kitindamimba wako.